Bendera Isiachwe Ichakae

Ndugu walimu na watumishi wa umma, bendera ya Taifa iliyozaliwa na Muungano wa mwaka 1964 si pambo la ofisi. Rangi ya kijani ni ardhi na mimea yake, manjano ni madini, nyeusi ni wananchi, buluu ni maji. Hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni, na apitaye wakati huo husimama wima.

Lakini mwalimu afundishaye hayo darasani, huku bendera ya shule imepauka, imechanika na kulala mlingotini usiku kucha, anafundisha dharau. Mtoto huamini zaidi akionacho.

Basi kila mkuu wa shule na ofisi aitazame bendera yake leo. Iliyochakaa ibadilishwe, wala isigeuzwe tambara.