Kabla ya Kukata Chuma, Kagua Tangi la Hewa


Mashine ya plasma hukata chuma kwa umeme na hewa iliyoshindiliwa. Mwanga wake huunguza macho, na moshi wa mabati yenye zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Vaeni miwani ya kuchomelea, si ya jua, na mfungue milango.

Lakini leo nawaomba mgeuke mtazame kompresa iliyo pembeni. Hewa ina unyevu. Maji hukusanyika chini ya tangi, na kutu hula chuma kutoka ndani, mahali macho hayafiki. Rangi ya nje inaweza kung'aa ilhali tangi limedhoofika. Likipasuka, halichagui fundi wala mteja.

Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka tangi la hewa likaguliwe angalau mara moja kila miezi 24, na mkaguzi aliyeidhinishwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Hiyo ni afisi ya serikali ya kitaifa. Kibali cha biashara cha kaunti hakichukui nafasi ya ukaguzi huo.

Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, kazi ni yenu. Toeni maji kwenye tangi kila jioni. Msizibe valvu ya usalama inapolia. Badilisheni nyaya zilizochubuka.

Nawe mteja, una haki ya kuuliza: tangi hili lilikaguliwa lini?