Kujua na Kubahatisha: Vikombe Vinane vya Chai

 

Leo tutazungumza juu ya vitabu vikubwa vya hesabu. Pengine mmepata kuviona katika maktaba ya mjini. Ni vizito kama matofali. Ndani yake mna alama nyingi, herufi za Kiyunani, na majedwali ya tarakimu yaliyojaa ukurasa baada ya ukurasa. Mtu akifungua kitabu cha namna hiyo mara nyingi hukifunga upesi, akasema, "Haya si yangu." Lakini ndani ya kimojawapo cha vitabu hivyo limo swali ambalo kila mmoja wenu amepata kuliuliza: Je, jambo hili ni kweli, au limetokea kwa bahati tu?

Elimu inayolijibu swali hilo huitwa takwimu. Takwimu ni elimu ya kukusanya hesabu za mambo, kuzipanga vizuri, na kuzitumia ili kutenganisha lililo kweli na lililotokea kwa bahati.

Mwandishi tutakayemtaja leo ni Bwana Ronald Fisher. Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1890. Tangu utoto macho yake yalikuwa mabovu sana, hata madaktari wakamkataza kusoma usiku kwa taa. Basi mwalimu wake alimfundisha hesabu kwa mdomo, bila kalamu wala karatasi, naye akajizoeza kuyaona maumbo na hesabu akilini mwake. Ninyi mnaojifunza kwa kusikiliza redio, msidharau njia hiyo. Masikio nayo ni mlango wa elimu.

Mwaka 1919 Bwana Fisher alikwenda kufanya kazi Rothamsted. Hapo ni mahali pa kuchunguza mambo ya kilimo, kaskazini ya London. Kuna shamba moja la ngano hapo, jina lake Broadbalk, ambalo lilipandwa mara ya kwanza mwaka 1843, na mpaka leo linapandwa kila mwaka. Sehemu moja hutiwa samadi, sehemu nyingine hutiwa mbolea za chumvichumvi, na sehemu moja haitiwi mbolea yo yote. Kila mwaka mavuno hupimwa na kuandikwa. Alipofika Bwana Fisher, madaftari ya zaidi ya miaka 70 yalikuwa yakimngoja.

Sasa fikirini shida iliyokuwapo. Tuseme mkulima ana shamba moja. Nusu ya chini, iliyo karibu na kijito, anaitia mbolea mpya. Nusu ya juu, penye mawe, haitii kitu. Wakati wa mavuno nusu ya chini inatoa magunia 10, na nusu ya juu inatoa magunia 6. Mwuza mbolea anafurahi na kusema, "Umeona nguvu ya mbolea yangu!" Je, mkulima atoe fedha zake? Hapana, asiharakishe. Labda ni mbolea iliyoongeza mavuno. Labda ni maji ya kijito. Labda ni udongo wenyewe. Mambo matatu yamechanganyika, wala hakuna awezaye kuyatenganisha kwa kutazama magunia tu.

Dawa aliyoitoa Bwana Fisher ni hii. Shamba ligawanywe katika vipande vidogo vingi. Kisha ipigwe kura kuamua vipande vipi vitiwe mbolea na vipi viachwe. Mkulima asichague mwenyewe, wala mwuza mbolea asichague. Kura haina ndugu wala rafiki. Kwa njia hiyo udongo mzuri na udongo mbaya hugawanyika pande zote mbili bila upendeleo, na nguvu ya bahati yenyewe huweza kupimwa kwa hesabu.

Mambo hayo na mengine aliyaandika katika vitabu viwili. Cha kwanza kilitoka mwaka 1925, nacho kilieleza njia za takwimu kwa watu wafanyao uchunguzi. Cha pili kilitoka mwaka 1935, nacho kilieleza namna ya kupanga majaribio. Hicho cha 1935 hakianzi kwa alama za kutisha. Karibu na mwanzo wake mna mama mmoja na kikombe cha chai.

Lazima kwanza tueleze desturi ya Waingereza. Wao hawachemshi maziwa pamoja na majani ya chai kama wengi wetu tufanyavyo. Hutengeneza chai ya rangi katika birika, kisha huimimina katika kikombe na kutia maziwa. Wengine hutia maziwa kwanza, wengine hutia chai kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale Rothamsted, Bwana Fisher alimpa kikombe cha chai Daktari Muriel Bristol, mama aliyekuwa mtaalamu wa mimea midogo sana iishiyo katika udongo. Mama huyo akakataa. Alisema yeye hupenda maziwa yatangulie, na kwamba akionja hutambua kilichotangulia. Watu wakaona ni mzaha. Ndipo likaja shauri la kumjaribu.

Mngemjaribuje ninyi? Mkimpa kikombe kimoja naye akapatia, hamjajua kitu, maana hata asiyejua angeweza kupatia kwa kubahatisha. Ni kama kurusha sarafu juu: itaanguka upande huu au upande ule.

Basi tumpe vikombe vinne. Viwili vimetiwa maziwa kwanza, viwili chai kwanza, na mpango wao umeamuliwa kwa kura. Mama anaambiwa, "Tuonyeshe viwili vilivyotiwa maziwa kwanza." Hebu tuvipe vikombe namba: 1, 2, 3, 4. Andikeni jozi zote anazoweza kuchagua. Ni hizi: 1 na 2; 1 na 3; 1 na 4; 2 na 3; 2 na 4; 3 na 4. Hesabuni. Jozi ni 6, na katika hizo ni moja tu iliyo sahihi. Kwa hiyo mtu asiyejua lo lote ana bahati 1 katika 6 ya kupatia. Hiyo bado ni bahati kubwa. Wanafunzi sita wakibahatisha, si ajabu mmoja wao akapatia.

Tukiongeza vikombe viwe 6, yaani vitatu vya namna moja na vitatu vya namna nyingine, njia za kuchagua zinakuwa 20. Vikiwa 8, yaani vinne na vinne, njia zinakuwa 70, na iliyo sahihi ni moja tu. Basi mtu akivipatia vyote vinane, mambo ni mawili: ama anajua kweli, ama amepata bahati ambayo humjia asiyejua mara 1 katika 70. Hapo mwenye akili huanza kusadiki.

Lakini je, akikosea kidogo? Tuseme katika vile vinne vya maziwa kwanza amepatia vitatu, akakosa kimoja. Masikioni inasikika vizuri: vitatu katika vinne! Hesabu inasema lingine. Kati ya zile njia 70, njia 16 hutoa vitatu sahihi, na njia moja hutoa vyote vinne. Jumla ni 17. Maana yake mtu asiyejua lo lote atafika hapo karibu mara moja katika kila mara nne. Hatuwezi kusadiki kwa jambo jepesi namna hiyo. Mwaka 1925 Bwana Fisher alikuwa amekwisha shauri kipimo kimoja: kama bahati ingeweza kuleta jambo hilo si zaidi ya mara 1 katika 20, tulitazame kwa uangalifu. Kipimo hicho kimetumika dunia nzima tangu siku hizo, ingawa si sheria iliyoshuka kutoka mbinguni.

Katika kitabu chake Bwana Fisher hakumtaja mama huyo kwa jina, wala hakuandika kama alipatia au alikosea. Jambo alilotaka kufundisha ni lingine: amueni namna ya kujaribu kabla ya kuonja chai. Hesabuni kwanza bahati inaweza kufanya nini, ndipo mtazame matokeo.

Labda mtasema, chai ni jambo dogo. Kweli. Sasa sikilizeni jambo kubwa.

Mwaka 1950 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao juu ya kansa ya mapafu. Waliwauliza wagonjwa katika hospitali za London kama walivuta sigara. Wakaona kwamba wenye kansa ya mapafu walikuwa wavutaji wakubwa zaidi kuliko wagonjwa wengine. Mwaka 1951 wakawaandikia barua madaktari wa Uingereza, na zaidi ya 40,000 wakajibu. Kisha wakawafuata mwaka baada ya mwaka kuona nani amekufa na kwa ugonjwa gani.

Nani aliyekataa neno lao? Ni Bwana Fisher mwenyewe! Mwaka 1957 na 1958 aliandika kwamba hakuna kura iliyopigwa ya kuamua nani avute na nani asivute. Labda, alisema, watu wengine huzaliwa na kitu ambacho huwafanya wapende sigara na pia huwaletea kansa. Swali lake halikuwa la kipumbavu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko, tena alikuwa mshauri wa watengenezaji wa tumbaku.

Watu hawawezi kupigiwa kura kama vipande vya shamba, huyu alazimishwe kuvuta na yule akatazwe. Kwa hiyo ilibidi kutumia subira na hesabu nyingi. Ilionekana kwamba anayevuta zaidi huugua zaidi, na aliyeacha hatari yake hupungua. Bwana Fisher alikufa mwaka 1962. Mwaka 2004 zikatangazwa hesabu za miaka 50 za madaktari wale. Wanaume waliozaliwa kati ya 1900 na 1930 wakaendelea kuvuta sigara, walikufa kiasi cha miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walipata tena miaka 3 hivi. Walioacha wakiwa na miaka 50 walipata 6, na walioacha na miaka 40 walipata 9.

Hapo ndipo lilipo fundisho la leo. Mwandishi wa kitabu kikubwa alikuwa na elimu nyingi kuliko karibu watu wote wa wakati wake, na hata hivyo hesabu zilimshinda. Katika elimu hii neno halisadikiwi kwa sababu aliyelisema ni mkubwa. Husadikiwa kwa sababu limejaribiwa, na majaribio yameandikwa ili mwingine aweze kuyahesabu tena. Ndiyo sababu kujua kusoma na kuhesabu ni ngao. Mtu akija kijijini na chupa ya dawa akasema, "Watu watatu wameinywa wakapona," ninyi mtakuwa na maswali ya kumwuliza: Walioinywa walikuwa wangapi kwa jumla? Na wasioinywa, wangapi walipona?

Sasa shikeni kalamu zenu, mfanye kazi hii pamoja na mwalimu:

1. Chukueni vikombe 6, mvipe namba 1 mpaka 6. Andikeni njia zote za kuchagua vikombe vitatu. Hakikisheni kwamba mnapata 20.

2. Kwa nini ni vizuri kupiga kura, mkulima asichague mwenyewe vipande vya kutia mbolea?

3. Jirani yako amebadili mbegu mwaka huu, na mavuno yake yamezidi. Tajeni mambo mengine mawili ambayo pengine yameongeza mavuno hayo.

4. Jadilianeni: Je, kuna jambo mnalolisadiki hapa kwetu ambalo halijapata kujaribiwa? Mngelijaribu namna gani?