Funga Baiskeli, Funga na Hasira

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Lituhi)

Wadogo zangu, kaeni. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye gazeti, vuta kiti. Mazungumzo haya ni yako pia.

Naona wengine mnanong'onezana: huyu si mtu wa hospitali? Mbona leo kaja na mnyororo na kufuli? Tulieni kidogo. Leo nataka tuzungumze habari ya wizi wa baiskeli. Tukifika mwisho mtaona kwa nini jambo hili linaingia mpaka wodini.

Hebu tuanze na swali. Nani hapa kwao hakuna baiskeli, wala kwa baba mdogo, wala kwa jirani? Naona mikono michache. Ni kweli siku hizi bodaboda ni nyingi, lakini baiskeli bado inafanya kazi. Inabeba muhogo kwenda mashine. Inabeba dagaa kutoka ziwani na mpunga kutoka mashamba ya bonde la Ruhuhu. Inabeba mama mjamzito kwenye keria usiku, pikipiki ikikosekana. Na wewe inakuleta shule.

Sasa iibiwe. Siku ya kwanza unatembea. Siku ya pili unachelewa. Wiki ya pili, ewe dada, anapita mwanaume na pikipiki yake anakuambia, "Panda bwana, lifti ya bure." Wote tunajua kwamba lifti za bure mara nyingi huja na deni. Wasichana wangapi wameacha shule kwa mimba iliyoanza na lifti? Kwa hiyo usidharau kufuli.

KUFULI LINANUNUA DAKIKA

Kitu cha kwanza ukishike: hakuna kufuli lisilovunjika. Fundi mwenye msumeno wa chuma na muda wa kutosha atakata chochote. Kufuli halimzuii mwizi milele. Linakununulia dakika. Baiskeli isiyofungwa inachukuliwa kwa sekunde: anapanda, anakanyaga, kwaheri. Iliyofungwa vizuri inamlazimisha mwizi ainame, atoe kifaa, apige kelele za chuma. Na hakuna kitu mwizi anachokiogopa kama kuonekana na kusikika.

Kwa hiyo unaponunua kufuli usiulize tu, "Bei gani?" Jiulize pia, "Litamchukua mwizi dakika ngapi, na kwa kelele kiasi gani?"

Tuangalie aina zinazopatikana.

1. Kufuli la duara linalofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Ni zuri ukiingia dukani huku unaiona baiskeli yako. Lakini linazuia gurudumu kuzunguka tu. Mwizi anaweza kuibeba begani au kuitupia kwenye gari. Usilitegemee peke yake.

2. Kufuli la waya, hasa lile la namba. Kwa macho ni nene, lakini unene mwingi ni plastiki. Ndani mna waya mwembamba ambao koleo zuri linaumaliza haraka. Hili ni la kumzuia mdokozi, si mwizi.

3. Mnyororo na kufuli la kawaida. Kwa bei zetu, hapa ndipo penye nafuu. Lakini chagua kwa akili. Pete za mnyororo ziwe nene. Tazama kile chuma kilichopinda cha kufuli: kikiacha nafasi kubwa, mwizi anapenyeza mtaimbo na kulipindua. Chagua lenye nafasi ndogo, na ukifunga, ijaze ile nafasi kwa mnyororo wenyewe. Halafu mwombe fundi aliguse kwa tupa. Tupa ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini. Ikiteleza, chuma kimekazwa, na msumeno nao utahangaika.

4. Kufuli la chuma lenye umbo la herufi U. Haya si rahisi kuyapata kwenye maduka yetu ya vijijini, lakini utayakuta mijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kryptonite ya Marekani ilipoanza kuyauza, baiskeli moja ilifungwa hivyo mtaani New York kwa siku 30. Wezi waling'oa kila kilichong'oleka, lakini kufuli lilibaki limefungwa. Mnaona, eh? Lakini msishangilie mapema. Mwaka 2004 watu wakaonyeshana kwamba makufuli ya U yenye tundu la ufunguo la duara yanafunguka kwa plastiki ya kalamu ya Bic! Ndiyo, kalamu hiyo hiyo uliyoshika mkononi. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli. Funzo: usinunue jina. Tazama chuma, tazama na tundu la ufunguo. Lenye ufunguo bapa ni afadhali.

UNAFUNGA NINI, NA WAPI?

Kufuli zuri likifungwa vibaya ni pambo. Mnyororo upite kwenye fremu, kwenye gurudumu la nyuma, na kwenye kitu kisichohamishika. Ukifunga gurudumu la mbele tu, utarudi ukute gurudumu lako linakusubiri peke yake.

Kitu chenyewe kiwe imara. Mti mchanga unakatwa kwa panga. Nguzo fupi isiyo na kichwa, baiskeli inanyanyuliwa juu na kutolewa. Uzio wa mianzi usiutaje kabisa. Na usiache mnyororo ulale chini, maana mwizi ataweka pete juu ya jiwe na kuigonga nyundo. Ukaze, ukae juu, tundu la ufunguo litazame chini ili mvua na mchanga visiingie. Sisi wa ziwani tunajua kutu. Tone la mafuta kila baada ya muda litakuepusha na kufuli linalogoma.

Wengi wenu mtakwenda kusoma au kutafuta kazi Mbinga, Songea, hata Dar es Salaam. Huko mjini mambo yanabadilika. Hapa Lituhi mtu akipita na baiskeli ya mzee fulani, watu watamwuliza. Mjini hakuna anayejua hiyo ni ya nani. Kwa hiyo sokoni na stendi funga mahali penye watu na mwanga, karibu na mtu unayemfahamu, fundi au muuza duka. Usimwachie mtoto usiyemjua eti "niangalizie." Usiseme "naingia dakika moja tu", mwizi naye anahitaji hiyo hiyo dakika moja. Taa na pampu ingia navyo ndani. Usiku baiskeli ilale ndani, na hata huko ndani ifungwe.

BAISKELI YAKO INAITWAJE?

Swali lingine. Wewe mwenye Phoenix nyeusi, ukizikuta Phoenix nyeusi kumi zimepangwa, utaijuaje ya kwako? "Nitaijua tu." Ndiyo, na mwenzako naye atasema hivyo hivyo.

Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye fremu. Igeuze utazame chini, pale pedeli zinapozungukia, au kwenye bomba la kiti. Futa tope, iandike namba hiyo kwenye daftari, na mzazi naye aiandike. Tunza risiti. Kama nyumbani kuna simu, piga picha. Halafu fanya na hili: chomoa kiti, andika jina lako na la kijiji kwenye karatasi, ifunge kwenye nailoni, itumbukize ndani ya bomba, rudisha kiti. Mwizi atabadilisha rangi, atabadilisha usukani, lakini hatafikiria kutazama humo.

Ikiibiwa, usikae ukilia. Nenda kwa mtendaji na kituo cha polisi siku hiyo hiyo, toa namba, uchukue RB. Waambie mafundi baiskeli, maana mwizi atawapelekea vipuri. Waambie na watu wa barabara ya kuvuka Ruhuhu. Ukivuka mto ule unaingia Manda, wilaya ya Ludewa, tayari ni mkoa wa Njombe. Huko watu hawajui habari zako, lakini namba wanaweza kuisoma.

Na ukiuziwa baiskeli usiku, kwa bei ya kutupa, haina risiti na namba imekwanguliwa, iache. Kupokea mali huku unajua imeibwa ni kosa lenyewe katika Kanuni za Adhabu. Zaidi ya hapo, bila wanunuzi kama wewe, mwizi angeiba ya nini?

SASA HABARI YA WODINI

Sasa nawaeleza kwa nini nimekuja. Sisemi kijiji gani wala mwaka gani, maana wahusika wapo.

Baiskeli ya bwana mmoja iliibiwa gulioni. Phoenix nyeusi, imeegemezwa ukutani, haikufungwa. Alikuwa ameingia "dakika moja tu." Alipotoka akapiga kelele. Kijana wa kidato cha pili alikuwa anapita njia ya juu, juu ya Phoenix nyeusi. Mtu mmoja akasema, "Yule pale! Mwizi!" Wengine hawakuuliza. Walimwangusha, wakampiga kwa fimbo, mateke na mawe. Kijana alikuwa analia kwamba baiskeli ni ya mjomba wake, katumwa dawa. Nani asikilize?

Aliletwa kwetu mchana. Tulimtibu tulivyoweza, kisha tukampa rufaa. Mjomba alifika jioni na risiti mkononi. Namba ya risiti na ya fremu ilikuwa moja. Mwenye baiskeli iliyoibiwa alipoulizwa namba ya kwake, hakuwa nayo. Hakuwahi kuitazama. Na yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga.

Kijana hakufa, namshukuru Mungu. Lakini sikio moja halisikii, na kichwa humwuma akisoma muda mrefu. Shule aliiacha. Yule bwana akimwona njiani hugeukia upande mwingine. Baiskeli yenyewe haikupatikana.

Wadogo zangu, kipigo si kama mnavyokiona kwenye filamu. Mtu akipigwa kichwani anaweza kusimama, akaongea, akaomba maji, huku damu inavuja ndani ya fuvu. Baada ya saa kadhaa anasinzia, na haamki. Aliyepigwa fimbo mwilini, misuli ikapondeka, taka za misuli hiyo huingia kwenye damu na kuharibu figo. Anaweza kufa baada ya siku kadhaa, wale waliompiga wakiwa wamesahau. Nanyi mnaopiga, mikono yenye michubuko ikigusa damu ya mtu, mnajiweka kwenye hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Msidhani ni habari ya kijiji kimoja. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikieleza katika ripoti zake kwamba katika miaka ya 2010 watu waliouawa na makundi ya "wananchi wenye hasira" nchini mwetu walihesabiwa kwa mamia kila mwaka. Wangapi walikuwa wezi kweli? Maiti haiwezi kujitetea. Na hata aliyeiba kweli, sheria haisemi auawe kwa ajili ya baiskeli. Sheria inasema hivi: anayeua kwa kukusudia, adhabu yake ni kunyongwa. Na kundi likishirikiana kwa nia moja, kila mmoja anahesabiwa. "Mimi nilirusha jiwe moja tu" si utetezi.

Basi ukisikia "mwizi!", fanya hivi. Kama hukuona kwa macho yako, usiitikie kelele. Mtu akishikwa, azungukwe asikimbie, lakini asiguswe kwa fimbo. Aitwe mtendaji, mgambo au polisi. Namba ya baiskeli itazamwe hapo hapo. Kama ameumia, apelekwe hospitali mara moja, na mwingine akimbie polisi kufuata PF3. Ukimshika mwenye damu, vaa hata mfuko wa nailoni mkononi. Usimpe pombe, na usimwache alale peke yake eti "anapumzika."

Najua ni vigumu kusimama mbele ya watu wenye hasira, wewe kijana wa sare ya shule. Usiende peke yako. Shikaneni wawili watatu, mmoja akimbilie kwa mwalimu au mtendaji, wengine mseme kwa sauti: "Tutazame namba kwanza!" Wakati mwingine neno hilo linatosha kumfanya mtu mmoja ashushe fimbo. Akishusha mmoja, wa pili naye anaanza kufikiri.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, fanya mambo matatu kabla ya kula. Geuza baiskeli uandike namba. Tazama kufuli lenu, kama lipo, na mzazi aelezwe lina udhaifu gani. Halafu waambie wadogo zako habari ya yule kijana aliyekuwa ametumwa dawa.

Kufuli halilindi baiskeli yako peke yake. Baiskeli iliyofungwa haimtii mtu tamaa, na isipoibiwa hakuna atakayepiga kelele za mwizi, wala mtoto wa mtu hataletwa kwetu amebebwa kwenye machela.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono. Na yule pale nyuma aliyeegemeza baiskeli kwenye mwembe bila kufunga, nenda kaifunge kwanza. Tutakusubiri.