Gari Likigonga, Lisikilize Kabla ya Kununua Kipuri

Mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari na madereva, wenye magari na mafundi wa jua kali wa Matete

 

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mwenye gari hapa Matete analijua. Unatoka nyumbani, unaingia barabara ya murram, na gari linaanza: ngo, ngo, ngo. Unalisikia ukibeba mahindi kupeleka Webuye, unalisikia ukipeleka mgonjwa hospitali, unalisikia watoto wa shule wakiwa wamejaa nyuma. Wengi wetu tuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuongeza sauti ya redio. Ya pili ni kwenda kwa fundi na kumwambia, "Shokomzoba zimekufa, weka nyingine." Nimekuja kuwaambia kwamba dawa zote mbili ni ghali.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Gari langu la kwanza lilikuwa Probox. Lilianza kugonga nyuma, upande wa kushoto. Mimi ni fundi, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Nikanunua shokomzoba mbili za nyuma kwa pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya karo. Kelele ikabaki palepale. Nikabadilisha bushi. Kelele ikabaki. Wiki ya tatu, kijana aliyekuwa akinisaidia kuosha gari aliinua sakafu ya buti akaniuliza, "Mwalimu, hii jeki inafaa kucheza hivi?" Jeki ilikuwa imelegea mahali pake. Tuliikaza kwa mkono, bila hata spana, na gari likanyamaza. Karo nilikwenda kuikopa kwenye chama.

Sikukosa ufundi siku zile. Nilikosa subira ya kusikiliza. Nilinunua kipuri kabla sijajua kelele inatoka wapi.

Anza na kisichogharimu kitu

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoa kila kitu garini. Chupa chini ya viti, spana, jeki, tairi ya akiba, jembe ulilolisahau tangu kupanda. Tazama namba ya gari kama inagonga bampa. Tazama kama boneti na milango inafunga vizuri. Kisha endesha kwenye barabara ileile mbaya. Kelele ikiisha, umetumia nusu saa tu na hukutoa shilingi.

Isipoisha, chukua mtu wa pili. Mmoja aendeshe polepole, mwingine asikilize. Anayesikiliza ajiulize maswali matatu: inatoka wapi, inalia wakati gani, na inabadilika dereva akifanya nini? Andikeni majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuokolea pesa ukifika kwa fundi.

Wakati wa kelele ndio unaosema ugonjwa

Gari likigonga mbele ukipita mashimo kwa mwendo wa chini, mara nyingi ni linki za stabilaiza, bushi za mikono ya chini, au boljointi. Linki ni kitu kidogo, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya shokomzoba, lakini ikilegea hupiga kelele kama gari zima linabomoka. Ishike kwa mkono uitikise. Shokomzoba iliyokufa nayo ina dalili zake: ukivuka tuta, gari linaendelea kunesanesa, na ukichungulia unaona mafuta yamevuja kwenye mwili wake. Kama hakuna dalili hizo, usikimbilie kuilaumu.

Ikiwa kelele inanyamaza ukigusa breki kidogo kwenye barabara mbaya, tazama pedi na pini za kalipa. Ukikata kona usukani ukiwa umefika mwisho, halafu ukikanyaga mafuta unasikia tak, tak, tak, hiyo ni jointi ya ekseli ya mbele. Tazama mpira wake. Ukiwa umepasuka, grisi itakuwa imerukia upande wa ndani wa rimu, na vumbi letu limeingia mahali pa grisi. Mpira ukipasuka leo na ukabadilishwa mapema, jointi inaweza kupona. Ukingoja, utanunua vyote viwili.

Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, ukisikia mlio wa bati linalotetemeka, angalia ekzosi. Mara nyingi ni lile bati la kukinga joto ambalo bolti yake imeliwa na kutu, au ni mpira unaoning'iniza ekzosi umekatika. Ngoja ekzosi ipoe kabisa, kisha igonge kwa ngumi kutoka mbele hadi nyuma. Mahali panapolia ndipo penye shida. Ikilia kama kopo lenye kokoto, huenda kichujio cha moshi kimevunjika ndani.

Injini ikikwaruza sekunde chache ukiiwasha asubuhi, chomoa kijiti cha oili kabla ya kumpigia mtu simu. Oili ikiwa imepungua, au imekuwa nyeusi na nzito kwa kukaa muda mrefu, haifiki juu haraka.

Kelele ambazo hazingoji kesho

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaobeba watu. Kelele nyingi nilizotaja zinaweza kungoja siku ya soko. Lakini zipo nne ambazo ukizisikia unasimama pembeni.

Ya kwanza ni tairi inayogonga na usukani unaotetemeka muda mfupi baada ya tairi kufunguliwa. Hizo ni nati. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kutoka moja kwenda ile ya upande wa pili, na mkazo wa mwisho utolewe tairi ikiwa imegusa chini. Kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka hapa kwenda Kakamega mjini na kurudi unaweza kuwa umeshapita kilomita 50, kwa hiyo kama tairi imefunguliwa leo, kesho shika spana.

Ya pili ni mgongo unaokwenda pamoja na usukani kulegea. Inua gurudumu kwa jeki, lakini weka stendi imara, na ziba tairi nyingine kwa mawe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, uisukume na kuivuta. Ikicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia. Ikicheza, ni tai rodi au raki ya usukani. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala na usukani haukutii tena. Mbele yako kuna trela ya miwa na pembeni kuna mtu wa bodaboda na abiria wake.

Ya tatu ni breki inayosaga chuma kwa chuma. Ya nne ni mgongo mzito ndani ya injini unaoongezeka ukikanyaga mafuta, hasa taa ya oili ikiwaka. Zima injini palepale. Ukisema "nifike tu nyumbani," utafika na injini iliyokufa.

Neno kwa wenye magari, na neno kwa mafundi

Wenye magari, tumezoea kumlipa fundi kwa kipuri alichoweka, lakini hatutaki kumlipa kwa saa aliyotumia kutafuta ugonjwa. Ndiyo maana naye anabahatisha. Kubali kulipa uchunguzi. Mwambie dalili, usimwambie dawa. Nenda naye barabarani asikie mwenyewe. Akimaliza, omba kipuri cha zamani ukione na ukishike.

Mafundi, na mimi ni mmoja wenu, mwonyesheni mteja kinachocheza kabla hamjakifungua. Hakuna aibu kusema, "Bado sijaipata, niachie hadi jioni." Aibu ni kumfanya mama anayeuza mboga anunue vipuri vitatu ili wewe ujifunze.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Tengenezeni barabara kwanza." Ana haki. Katiba ya mwaka 2010 imeweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti, kama ilivyoweka pia vyuo vya ufundi vya vijijini, na mwananchi anayeuliza kuhusu barabara yake anauliza mahali panapofaa. Endeleeni kuuliza. Lakini hata barabara ikichongwa leo, mvua za Matete na matrela ya miwa mnayajua. Shimo litarudi, na bolti italegea tena. Na sheria haimwondolei dereva mzigo wake. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zitunzwe wakati wote katika hali isiyohatarisha walio ndani yake na wengine barabarani. Hakisemi "isipokuwa barabara ikiwa mbaya."

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha redio, endesha mita mia mbili kwa kimya, vioo vikiwa wazi. Ukisikia kitu, jiulize wapi, lini, na kinabadilika nikifanya nini. Anza na buti, malizia na duka la vipuri. Na kama kelele ni mojawapo ya zile nne, washushe watu wako, waombe radhi, na umwite fundi aje hapo ulipo. Watakasirika kidogo, lakini watafika nyumbani.

 Sasa kama kuna gari linalogonga hapo nje, lileteni tulisikilize pamoja.