Uraia na ujasiri: maneno ya Lumumba kwetu sisi wa Masisi na Walikale

 

Leo tuzungumze juu ya maneno aliyoyasema Patrice Lumumba kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 30 Juni 1960. Hotuba yake haikuwa kwenye programu. Mfalme Baudouin alikuwa amesifu kazi ya Wabelgiji, naye Rais Kasa-Vubu alikuwa amejibu kwa upole. Ndipo waziri mkuu akasimama, akawasalimu Wakongomani wote, wanaume kwa wanawake, kama wapiganaji walioshinda. Akakumbusha matusi na vipigo, akakumbusha pia ardhi iliyochukuliwa kwa makaratasi yaliyompa haki mwenye nguvu peke yake. Hapo kwenye ardhi, mtu wa Masisi hahitaji kufafanuliwa.

Wengi husifu ujasiri wake mbele ya mfalme. Sisi tunatazama salamu yake: hakutaja kabila hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa Mtetela wa Sankuru aliyefanya kazi ya posta Kisangani, na katika uchaguzi wa Mei 1960 watu wa Kisangani walimpa kura nyingi, ingawa babu zake hawakuzikwa kwao.

Sasa tazameni sheria. Katiba ya 2006, kama sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004, inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa ndani ya nchi hii ilipopata uhuru. Yaani siku ileile Lumumba aliposimama. Haikuwa hivyo daima. Wabelgiji wenyewe walileta familia kutoka Rwanda hadi Gishari, Masisi, tangu 1937. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikaufuta, ikarudisha hesabu hadi 1885. Mtu alilala raia akaamka mgeni! Swali hilo, pamoja na la ardhi na la uongozi wa kimila, ndilo lililokuwa nyuma ya vita vya Machi 1993, vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, vikapanda hadi Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, wote walizika watu wao.

Hatusemi karatasi inarudisha shamba. Februari 2025 makambi ya kandokando ya Goma yalivunjwa, na Machi vita vikaingia Walikale-centre. Kuna waliorudi kijijini wakakuta mwingine analima shamba lao. Nani atasema ukweli hapo? Mwami anajua mpaka uko wapi. Mzee wa jirani anajua. Kumkemea adui aliye mbali ni rahisi, hata vijana wetu wanaweza. Kazi ngumu ni kusema mbele ya ndugu zako, watu wa kabila lako, kwamba shamba lile ni la fulani ingawa hayupo, na kwamba fulani ni raia kama sisi. Viongozi wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache.

Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Jino lake tu ndilo lililorudishwa kutoka Ubelgiji, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Hatumwombi mtu yeyote hapa kufa. Tunawaomba bami na viongozi wa kamati za wahamaji mwite mkutano wa watu wenu wenyewe kwanza, kabla ya ule wa jamii zote, na neno la mashamba lisemwe humo waziwazi.

Nanyi wazazi, mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya hali ya kiraia kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kadi ya zamani ya baba au ya babu, hata ikiwa imechanika, msiitupe. Ifungeni kwenye nailoni, muwe nayo popote mnapokimbilia.