Mpigaji yuko wapi?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nimeua watu. Nasema hivi mapema ili wale wanaoniandikia kwamba mazungumzo yangu huchelewa kuanza nao waridhike. Niliwaua nikiwa nimekaa kitini nyumbani kwa dada yangu, kikombe cha chai mkononi, na aliyenipa silaha ni mpwa wangu wa miaka 17, kwa kuwa kompyuta ni yake.

Mchezo wenyewe unaitwa 911 Operator. Ulitengenezwa na kampuni ya Poland iitwayo Jutsu Games, ukatoka mwaka 2017. Namba 911, kama mjuavyo, ni ile ya dharura ya Marekani, ambayo ilipigwa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Katika mchezo huu hupewi bunduki wala gari la mashindano. Unapewa ramani ya mji, simu, na magari machache ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto. Simu inalia, unapokea, unauliza, kisha unaamua nani aende wapi. Ukilikimbiza gari la zimamoto kwenye jalala linalofuka moshi, nyumba itashika moto upande wa pili wa mji na wewe huna cha kupeleka.

Mpwa wangu aliniwekea ramani ya Dar es Salaam. Naam, Dar es Salaam hii hii. Mchezo unachukua ramani zake OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Na kama Dar es Salaam imo humo kwa kirefu, sehemu kubwa ni kazi ya vijana wetu. Tandale ilianza kuchorwa namna hiyo mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo walizunguka kata kwa kata kwa miguu katika mradi wa Ramani Huria, hasa kwa ajili ya mafuriko. Sidhani kama kuna aliyewaambia kwamba jasho lao lingefika Poland na kurudi kama mchezo. Kichekesho ni kwamba anayepiga simu kutoka Manzese huzungumza Kiingereza cha Marekani, tena kwa haraka.

Sasa nieleze nilivyoua. Simu ya kwanza ya moto ilipoingia nilifanya kama nifanyavyo studioni. Nilitaka jambo lote kuanzia mwanzo, limetokeaje, nani yumo, tangu saa ngapi. Mtu wa redio amefundishwa kumwacha mgeni aeleze, kwa sababu maelezo ndiyo kipindi chenyewe. Mpwa wangu akanigusa bega. "Mjomba, muulize yuko wapi kwanza. Simu ikikatika utampeleka nani, na wapi?" Ikakatika kweli. Nilikuwa na habari nzuri sana, tena kamili, ila sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo halikuwa mchezo. Mwaka 2011 moto ulizuka mtaani kwetu, katika nyumba ya vyumba sita, chumba cha mama mmoja fundi cherehani. Miongoni mwa tuliokuwa pale, mimi ndiye niliyepiga simu. Nilieleza moto vizuri mno, rangi ya moshi, watu wanavyochota maji kwa ndoo, vilio. Nilipoulizwa mahali nilijibu, "Nyuma ya baa, karibu na mwembe." Baa niliyoitaja ilikwisha badilishwa jina, na miembe mtaani kwetu ilikuwa mingi. Tulikisikia king'ora kikipita barabara kubwa, kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Walipofika, paa lilikuwa limeshuka. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini cherehani mbili ziliteketea pamoja na vitambaa vya wateja, na mama yule alihama mtaa akiwa anadaiwa sare za shule za watoto wa watu. Waliokuja siku ile walilaumiwa sana kwa kuchelewa. Mimi nilinyamaza.

Waingereza walilipata somo hili kwa njia ngumu. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake watano. Jirani alijaribu kupiga simu zimamoto, lakini simu yake ikapangwa foleni na za watu wengine pale kwenye ofisi ya kuunganisha simu. Akaandika barua kwa gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kazi London, ili simu ya dharura isingoje tena nyuma ya simu ya maongezi.

Lakini simu kufika siyo mwisho wa kazi. Jijini humo humo, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, liliungua jengo la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower. Simu ya kwanza iliingia saa 6:54 usiku, moto ukiwa jikoni mwa nyumba moja ghorofa ya nne. Utaratibu wa majengo kama yale ni kwamba ambaye kwake hakuungui afunge mlango abaki ndani, kwa imani kwamba moto hautatoka ulikoanzia. Ila kuta za nje zilikuwa zimevikwa mabamba yanayoshika moto. Simu zikamiminika kutoka ghorofa za juu, na waliozipokea, ambao moto wenyewe hawakuuona, waliwaambia watu wabaki ndani. Ushauri huo ulifutwa saa 8:47. Walikufa watu 72. Taarifa ya uchunguzi ya mwaka 2019, chini ya Sir Martin Moore-Bick, ilisema kwamba wapokeaji wale hawakuwa wamefundishwa kushughulikia simu nyingi kwa pamoja za watu walionaswa na moto.

Nikiyaweka hayo kando ya mchezo wa mpwa wangu, naona haya kidogo. Mimi nikikosea nabonyeza kitufe, zamu inaanza upya, na waliokufa wanapiga simu tena wakiwa wazima. Hata hivyo nisingesema ni upuuzi. Simu tatu zikilia pamoja nilitokwa jasho, na mojawapo ikawa ni ya mzaha. Hapa kwetu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye namba 114, linaujua mzaha huo. Zamani nilidhani ni utoto tu. Baada ya zamu nne za kubuni nadhani ni wizi, maana dakika ile ni ya mtu mwingine.

Niliporudi nyumbani nilitoka nje na tochi kutafuta namba ya nyumba yangu. Mnakumbuka mwaka 2022, katika kazi ya anwani za makazi, mitaa yetu ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Yangu niliikuta nyuma ya bougainvillea ambayo mke wangu ameilea kwa mapenzi, na mtaa wetu una jina ambalo nilikuwa sijalitamka hata mara moja. Nikamwita binti yangu wa miaka tisa tufanye zoezi. Mimi nikawa zimamoto, yeye mpigaji.

"Zimamoto hapa. Uko wapi?"

"Kwa baba wa redio," akasema. "Nyuma ya duka la Mangi."

Tumerudia mara sita. Jina la mtaa ameshalishika. Namba bado anaigeuza, tarakimu ya mwisho anaitanguliza, na leo jioni tutarudia tena.

Hadi juma lijalo, kwaherini.