Uzito wa Baada ya Sikukuu: Mizani Inapima Nini?



Kila zinapopita Idi na Krismasi hutujia sisi wahudumu wa afya ya jamii watu wenye hofu moja: "Nimekula siku moja tu, nimeongezeka kilo mbili!" Baadhi yao huwa wameshajipangia adhabu: kushinda na njaa, kumeza dawa za kuharisha, au kukimbia juani bila kunywa maji. Hoja yangu leo ni kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta, na anayelijua hilo mapema huepuka kujidhuru.

Hesabu ya mafuta

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Ili aongeze kilo mbili za mafuta, mtu lazima ale zaidi ya kilokalori 15,000 juu ya mahitaji yake. Tumchukue mama aliyekula sahani mbili za pilau, sambusa, kalimati na soda, akazidisha kilokalori 1,500. Hata zote zikigeuka mafuta, hayafiki gramu 200. Uzito uliobaki umetoka wapi?

Vyanzo vitatu

Kwanza, chakula chenyewe. Nusu kilo ya pilau na nusu lita ya juisi ni kilo nzima pale pale, na mabaki ya mlo huweza kukaa tumboni siku moja hadi tatu.

Pili, wanga. Sehemu ya wanga wa wali, mikate na sukari huwekwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu huambatana na takriban gramu 3 za maji. Akiba ikiongezeka gramu 200, uzito hupanda karibu gramu 800. Ndiyo maana aliyekuwa amejinyima kwa siku kadhaa hupanda haraka zaidi: akiba yake ilikuwa imeshuka.

Tatu, chumvi. Maji yaliyo nje ya seli yana takriban gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Chumvi ikizidi, mtu hushikwa na kiu, hunywa, na mwili huyazuia maji hayo hadi figo zitoe ziada. Kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa. Ndipo pete inapobana kidoleni asubuhi.

Kwa mtu mwenye afya, ongezeko hili hupungua lenyewe katika siku chache akirudia mlo wake wa kawaida.

Mahali penye hatari ya kweli

Utafiti wa watu wazima 195 nchini Marekani, uliochapishwa na New England Journal of Medicine mwaka 2000, uliona ongezeko la wastani wa kilo 0.37 tu katika msimu wa sikukuu, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari. Lakini hata kiasi hicho kidogo hakikupungua vya kutosha miezi iliyofuata. Kwa hiyo tusimtishe mtu kwa karamu moja. Tumwangalie anayeendeleza karamu wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka.

Mapendekezo

1. Mteja apime uzito asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Alinganishe wastani wa wiki na wiki, si leo na jana. Wanawake wakumbuke kuwa hedhi nayo huweza kuongeza maji mwilini.

2. Siku inayofuata karamu ale milo yake ya kawaida, apunguze chumvi, anywe maji na atembee. Dawa za kuharisha zimtoke mawazoni kabisa: hutoa maji, haziondoi mafuta.

3. Tujue pa kutoa rufaa. Mgonjwa wa moyo au figo aliyeongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, mjamzito aliyevimba uso na mikono ghafla, au yeyote anayepumua kwa shida, asiambiwe kwamba ni pilau. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.